Legeza Mkono, Buda

Kuna ushauri mmoja unaotolewa bure katika kila baa yenye meza ya puli, kuanzia River Road hadi Kangemi, na kwa kuwa ni wa bure kila mtu anao: "Legeza mkono, buda." Anautoa aliyeketi, aliyesimama, anayekwenda msalani na anayerudi. Na hautolewi ukiwa unapaka chaki, wakati ungekufaa. Unangojwa uiname, ufumbe jicho moja, fimbo ianze kwenda na kurudi, ndipo sauti itokee nyuma ya sikio.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ushauri wenyewe ni wa kweli. Fimbo ya puli ina uzito wa nusu kilo na ushei. Haitaki kukamatwa, inataka kubebwa tu. Kidole gumba na viwili vinavyofuata vinatosha. Vile viwili vya mwisho vinaisindikiza. Mkono wa nyuma uning'inie kutoka kwenye kiwiko, ubembee, basi. Ukiibana, misuli inakaza hadi begani, kifundo cha mkono kinajipinda, ncha inakwenda kando kiasi ambacho hata hukioni, na mpira uliokuwa unaelekea shimoni unagonga ukingo huu, unagonga ule, kisha unatulia mdomoni mwa shimo kumngoja mpinzani wako.

Haya, nimekubali. Lakini hebu niulize: huu mkono wa Nairobi umefundishwa lini kulegea?

Anza asubuhi. Umepanda 46 kutoka Kawangware, kiti hakuna, umening'inia kwenye bomba la juu huku makanga akisisitiza kwamba nyuma kuna nafasi. Dereva ameona upenyo karibu na Yaya, upenyo ambao wewe na abiria wenzako hamjauona. Ukiachilia bomba hilo utajikuta umempakata mama wa watu. Unashuka mjini. Tom Mboya Street unaipita mkono ukiwa ndani ya mfuko wa suruali, umeifumbata simu. Ikilia, unaingia kwanza dukani ndipo uitazame. Ukifika River Road, begi linahama kutoka mgongoni hadi kifuani na linakumbatiwa. Umenunua chaja Luthuli Avenue? Chenji unaishika kwenye ngumi mpaka uvuke barabara. Mkono huu umelipwa mshahara wa kubana mchana kutwa. Halafu saa moja usiku mtu mwenye chupa anauambia ulegee!

Tena ulegee mbele ya nini? Mbele ya mbao. Shilingi ishirini, ile sarafu yenye ndovu tangu 2018. Najua utasema mbao si pesa. Mezani ni pesa. Mshindi anabaki akicheza bure, anayekuja kumtoa ndiye anayelipa, na zile sarafu zilizopangwa ukingoni kila moja ina mwenyewe anayekuombea ukose. Meza nayo haina huruma: mipira ikishaingia imemezwa, haitoki mpaka ilishwe mbao nyingine. Ni ule mweupe tu wenye njia yake ya kurudi, maana bila huo hata faulo haiwezi kuadhibiwa.

Ongeza saa. Sheria ya vileo ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho, iliamua baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku siku za kazi. Basi ikifika saa nne na nusu, dada wa kaunta ameshaanza kupandisha viti juu ya meza, kwa kelele ya makusudi, na ni wakati huohuo ambapo umebakiwa na mpira mweusi peke yake.

Wala si sisi tu. Mwaka 1985 kule Sheffield, katika fainali ya dunia ya snuka, Steve Davis, aliyekuwa amelitwaa taji hilo mara tatu, alibakiwa na mpira mweusi wa mwisho katika mchezo wa mwisho, wakiwa sare 17 kwa 17 na Dennis Taylor. Usiku wa manane ulikuwa umepita na Waingereza milioni 18 na nusu walikuwa macho mbele ya televisheni. Akaukosa. Taylor akauingiza. Na huyo Davis hakuwa amepanda 46.

Majuzi nilikuwa Kawangware, kwenye meza moja iliyosukumwa karibu na ukuta hivi kwamba upande wa mlangoni lazima utumie fimbo fupi, ile iliyokatwa, ambayo haijawahi kunyooka. Mguu mmoja wa meza umewekewa kadibodi. Kijana wa gereji alikuwa na mpira mweusi kwenye mdomo wa shimo la kona. Hata mtoto angeuingiza. Mafuta meusi yalikuwa bado chini ya kucha zake, na vifundo vya vidole vimepauka kwa kubana.

"Legeza mkono, buda," akasema jamaa wa kofia, ambaye sarafu yake ndiyo iliyofuata.

"Pumua," akaongeza mwingine.

"Vidole vitatu tu," akasema wa tatu.

Kijana mtiifu. Akapumua, akafungua vidole, akabakisha vitatu, kisha akapiga kwa nguvu zake zote za gereji. Fimbo ilimponyoka mkononi. Ilipita juu ya mpira mweupe bila kuugusa, ikavuka meza nzima na kumchokoa tumboni mzee aliyekuwa amebeba glasi iliyojaa. Mpira mweusi haukutikisika.

Kimya kidogo. Halafu jamaa wa kofia, kwa masikitiko makubwa: "Sasa wewe mbona hukuishika?"

Mchezo ukaendelea. Mpinzani wa kijana akausukuma mweusi ndani, glasi ya mzee haikulipwa na yeyote, na jamaa wa kofia akaingiza mbao yake, akapanga mipira, akainama kuianzisha. Fimbo aliishika kwa ngumi.