Mwalimu wa Sebuleni

Hongera, bibiye wa Shangani, kwa kuwatoa wanao skuli uwasomeshe mwenyewe. Meza umenunua, ratiba umebandika, picha tumeziona. Ila hilo tangazo lako kwamba wewe ndiye wa kwanza Unguja, lipunguze kidogo. Watoto wa hapa wamesomea majumbani kwa walimu wa chuo tangu enzi na enzi, kwa ubao na wino. Na Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alijifunza kuandika kwa siri, akinakili aya za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Wewe unasubiri printa ya rangi kutoka Dubai. Nao wanao, mpaka leo, alifu hawaijui.