Mume gumegume

Mke wangu amepata jina jipya la kuniita, na chanzo ni mawe. Wenye lugha yao wanajua kwamba gumegume ni lile jiwe gumu la kutoa cheche, lililokuwa likifungwa kwenye bunduki za kale. Wanajua pia kwamba mume gumegume ni mwanamume asiye na faida nyumbani. Jumamosi iliyopita niliingia ndani nimelowa hadi kiunoni, mfukoni nina gumegume saba, na bomba la jikoni bado linavuja. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Karibu, mume wangu," akasema, "wewe na wenzako."

Aliyeniponza ni mzee mmoja Mmarekani ninayefanya naye kazi ghalani hapa Lexington, Kentucky. Mpole, hana neno na mtu. Siku moja tukiwa mapumzikoni akatoa kikopo cha tumbaku, akafunua pamba, na ndani yake kigumba cha jiwe, chembamba, kingo zimemegwamegwa kama meno ya msumeno. Nikakigusa. Tangu siku hiyo sijalala Jumamosi.

Kinachoniudhi kwanza ni jina. Huku kila jiwe la kale lenye ncha huitwa kichwa cha mshale. Sasa mzee kanitoa kitandani saa kumi na moja alfajiri, tumeshafika kwenye kijito kinachopita shambani kwa rafiki yake, tumeomba ruhusa, nimeshaingia kwenye maji ya baridi kali, ndipo ananiambia kwamba vingi tunavyovitafuta si vya mishale hata kidogo! Upinde ulifika pande hizi miaka kama 1,500 iliyopita, pengine pungufu. Kabla ya hapo, kwa maelfu ya miaka, wenyeji waliwinda kwa mikuki myepesi iliyorushwa kwa kijiti chenye ndoano, na vile vigumba vikubwa ni vya mikuki hiyo. Vya mishale ni vidogo, vya pembetatu, vingine havizidi sana ukucha wa kidole gumba. Haya, katafute ukucha kwenye changarawe.

Kazi yenyewe ni hivi: unangoja mvua kubwa, maji yamegue kingo, yapungue, kisha unatembea umeinama kama mpanda mpunga asiye na mpunga. Eneo hili limekaa juu ya mawe ya chokaa, na gumegume limo tele, limepasuka lenyewe kwa baridi na kugongana. Kwa hiyo kila hatua tatu napiga kelele kwamba nimepata kigumba. Mzee anakuja polepole, anavaa miwani, anakigeuza, anakitupa. Hasemi kitu. Ule mlio wa chubwi nausikia hata usingizini.

Siku ya pili niliegemea mti uliotambaliwa na mmea wenye majani matatu matatu. Nimekulia kwenye upupu, nikadhani nimeshahitimu. Nilijikuna wiki mbili.

Jirani yangu, mtu wa Bukavu, aliniona naanika viatu akataka kujua. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa: "Ndugu yangu, kwetu mutu akiinama mu mutoni, anatafuta zahabu."

Tukaenda pia Red River Gorge, ambako miamba imejiinamia ikafanya mapango mafupi, makavu, sakafu vumbi tupu. Nikapiga magoti, nikaanza kufukua. Mzee akanidaka mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Kumbe kuna sheria ya mwaka 1979: kuchimbua vitu vya kale kwenye ardhi ya serikali kuu kama ile bila kibali, kosa la kwanza tu linaweza kukugharimu faini ya hadi dola 10,000 na jela mwaka mmoja. Tena vumbi lile limehifadhi mbegu za watu waliokuwa wakilima huko zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na mwenye koleo anayetafuta kigumba cha kuuza huvuruga yote. Hilo nakubali kwa moyo mmoja. Lakini nilikuwa nimepanda mlima kwa saa nzima ili nitazame vumbi.

Linaloniuma zaidi sijamwambia mke wangu. Mimi ni mtu wa Iringa. Darasa la sita tulipelekwa Isimila, kilomita kama 20 kutoka mjini, barabara ya Mbeya. Mashoka ya mawe yamelala korongoni kama viazi vilivyomwagika kwenye lori, umri wake zaidi ya miaka 200,000. Mwalimu alieleza mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikaa kivulini na karanga zangu.

Nilipomsimulia mzee, alisimama katikati ya maji, akavua kofia, akaniomba nimweleze mashoka yalivyokuwa. Nikamweleza karanga.

Mpaka leo nimepata kigumba kimoja cha kweli, na ncha yake imekatika. Nilikiweka dirishani, karibu na sabuni. Juzi nimemkuta mke wangu anakwangulia ukoko wa ugali. Anasema kinashinda kijiko.