Chuo Kikifunga, na Posho Inafunga

Baba Mdogo,

Kwenye simu uliniuliza kwa nini nisije Moshi, wakati vyuo vya Marekani vinafunga tangu Mei hadi karibu na mwisho wa Agosti. Nilikwepa kujibu kwa sababu ulikuwa umeweka spika, na wazee wa jumuiya nilikuwa nawasikia wakikohoa.

Jibu ni kwamba chuo kikifunga, na posho yangu inafunga. Sisi wasaidizi wa kufundisha mkataba wetu ni wa miezi 9. Mwenye nyumba yeye anahesabu 12. Ndiyo maana ikifika Machi, watu wazima tunaosomea shahada ya uzamivu tunaanza kumsalimia mratibu wa idara kwa adabu ambayo Oktoba hatukuwa nayo. Madarasa ya kiangazi ni machache, na kila mtu analilia somo la utangulizi wa takwimu, maana ndilo halikosi wanafunzi: wauguzi watarajiwa, watu wa saikolojia, watu wa biashara, wote wanalazimika kulipitia. Kukimbilia vibarua mjini haiwezekani; visa ya mwanafunzi inanifungia ndani ya chuo, labda nipate kibali maalumu.

Somo hilo nimelipata. Ila kabla hujaenda kutangaza, nisikilize. Msaidizi wa kufundisha (TA) wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, ni mwajiriwa, ana mshahara, benki inamkopesha. TA wa huku ni mwanafunzi mwenye rundo la karatasi za kusahihisha. Mhadhiri anafundisha, mimi nasimamia mazoezi ya kompyuta na kupokea ofisini waliokwama. Tena somo la wiki 15 limebanwa likawa la wiki 6. Jumatatu tunaeleza wastani, Alhamisi tumeshazama kwenye uwezekano. Aliyelala na mafua siku mbili akirudi anachungulia namba ya chumba mlangoni, anadhani kapotea.

Siku ya jaribio la t nusu ya darasa ilikuwa imesinzia mpaka nilipotaja bia. Aliyelibuni jaribio hilo, William Gosset, alikuwa mtumishi wa kiwanda cha Guinness kule Dublin. Tatizo lake lilikuwa la kiwandani hasa: sampuli alizonazo ni chache, sasa atajuaje kama tofauti anayoiona ni ya kweli au ni bahati tu? Jawabu alilichapisha mwaka 1908, na kwa kuwa kampuni haikutaka watu wake wajulikane, akasaini “Student”, mwanafunzi. Jina hilo ndilo liko vitabuni hadi leo. Nilitamani kuwaambia kwamba Kibosho kuna akina mama wanaoipima pombe ya mbege kwa ulimi, bila jedwali, na hawakosei.

Mzazi mmoja alipiga simu: ada analipa yeye, anataka kujua mwanawe kapata ngapi. Huku kuna sheria ya mwaka 1974 ambayo kwa kawaida inatuzuia kumwambia bila ridhaa ya mwanafunzi mwenyewe. Nikakumbuka matokeo yangu ya kidato cha pili yalivyobandikwa ukutani, nawe ukayasoma kwa sauti mbele ya umati, hesabu ukairudia mara mbili.

Na kubembeleza alama, Baba Mdogo, huku wamefuzu. Kijana aliyepata 89.4 aliniandikia kwamba kitakwimu hakuna tofauti ya maana kati ya alama hiyo na 90. Hoja imenyooka, nilifurahi kwamba somo limemwingia. Nikamwachia 89.4 yake.

Kadi ya mchango wa harusi ya dada nimeiona. Nimeona pia kamati imetupangia “ndugu wa ughaibuni” kima cha peke yetu, ambacho sijui wamekikokotoa kwa kanuni gani. Malipo ya kiangazi yote yanapita mikononi mwangu yakienda kwa mwenye nyumba, na posho inarudi Septemba. Harusi ni Agosti, najua. Mwambie mweka hazina aniandike kwenye safu ya ahadi, na atumie kalamu ya risasi.

Wasalimie wote,
Mwanao