Shukrani za Mtengeneza Michezo wa Geita kwa Wizara ya Elimu

Kwa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Yah: Shukrani kwa ulinzi niliopewa, na ombi la kuendelezewa

Waheshimiwa,

Mimi niandikaye waraka huu ni mkazi wa Geita, mpangaji wa chumba kilicho jirani na karasha linalosaga mawe tangu alfajiri, na riziki yangu hutokana na kuandika programu za michezo ya simu: michezo ya kuruka, ya kulenga na ya kufikiri, ambayo vijana wa mjini na wa machimboni huicheza katika simu za bei rahisi wakisubiri zamu zao. Sikuleta malalamiko. Walalamishi mnao wa kutosha, na naamini masijala yenu imekwisha kuwatengea rafu yao. Nimekuja kutoa shukrani, kwa sababu katika mkoa huu mzima, na hata nikivuka mpaka kwenda Kahama na Shinyanga mjini, washindani wangu wote katika kazi hii naweza kuwaalika chai siku moja na birika lisiishe. Na neema hiyo, ambayo kila mfanyabiashara huiomba na wachache sana hujaliwa, sikuipata kwa werevu wangu bali kwa ulinzi wenu.

Ulinzi huo una nasaba. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mambo yake hayakwenda kama yalivyotarajiwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni ila kwa kibali maalumu. Wapo vijana wanaoicheka amri ile. Mimi siicheki, kwa kuwa ilikuwa amri yenye insafu: ilikitaja kwa jina ilichokikataa, na aliyeikosa kompyuta alijua kwamba ameikosa na alimjua aliyemkosesha. Zama zetu zimevumbua njia iliyo laini zaidi, nayo ni kuipokea kompyuta kwa hotuba, utepe na picha ya pamoja, kisha kuiweka katika chumba chenye nondo madirishani, kuifunika kitambaa isiingie vumbi, na kumkabidhi ufunguo mkuu wa shule, ambaye kwa hofu ya kuulizwa itakapoharibika huona salama zaidi isiguswe na mtu. Hakuna katazo, hakuna tangazo la Serikali, wala hakuna wa kulaumiwa. Na matokeo ni yale yale ya mwaka 1974, ila safari hii yana mtihani juu yake.

Nimepata kulisoma daftari la mwanafunzi wa shule moja ya ukanda huu, ambayo sitaitaja kwa kuisitiri, nikastaajabia unadhifu wake. Vizazi vya kompyuta vimeorodheshwa kimoja baada ya kimoja, tangu vile vya mirija ya kioo hadi vya leo. Charles Babbage ametajwa kwa heshima ya mzazi. Na kipanya kimechorwa kwa penseli pamoja na waya wake, kwa ustadi unaostahili kutundikwa ukutani. Mchoraji hajapata kukishika. Yote hayo yameandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mtoto aliyesomeshwa shule ya msingi kwa Kiswahili hukabidhiwa kidato cha kwanza pamoja na fomu ya kujiunga, na hapo ndipo nilipoutambua uhodari wa mpango wenyewe: hata akikumbuka hataelewa, na hata akielewa hana pa kujaribia.

Lakini kilele cha fadhila zenu kwangu ni hisabati, na hapa naomba niruhusiwe kukawia, maana ndipo palipo na siri ya kazi yangu. Mtu anayedhani kwamba mchezo wa simu hutengenezwa kwa uganga wa ng'ambo, akifunuliwa tumbo la mchezo huo, atakuta mle ndani vekta, matriksi, trigonometria na hesabu za uwezekano, yaani mada zile zile tulizosomeshwa kidato cha nne na kuambiwa kwamba hutoka kwenye mtihani. Ninapotaka kijana wangu wa mchezoni aruke shimo, sichori safari yake hewani. Nashika vekta mbili, moja ya mahali alipo na moja ya mwendo wake, na kwa kuwa kila sekunde nimeigawa vipande 60, kila kimoja kisichofika milisekunde 17, basi kwa kila kipande naijumlisha vekta ya mwendo kwenye ile ya mahali, na kupunguza kidogo mwendo wa kwenda juu kwa hisa ya uvutano wa dunia. Kijana hupanda, husita, hushuka, na upinde wake angani hujichora wenyewe. Bunduki igeukie adui, hiyo ni trigonometria. Picha nzima izunguke, hiyo ni matriksi. Risasi imempata au imemkosa, huyo ni Pythagoras wa kidato cha pili. Mtoto angeonyeshwa jambo hili kwa nusu saa tu, mbele ya kioo, akabadili namba moja na kumwona kijana anaruka hadi mawinguni, kesho yake angekuwa mshindani wangu. Badala yake huandikiwa ubaoni vekta isiyo na mwenyewe, isiyotoka popote wala kwenda popote, akaambiwa atafute urefu wake, na kengele ikalia. Mmeizika hazina yote ya biashara yangu mahali ambapo hapana atakayechimba, na mmefanya hivyo katika mkoa ambao watu huchimba hata uani mwa nyumba zao.

Wala msiwaamini wanaosema kwamba vijana wetu ni wazito wa hesabu. Kijana aliyepata F ya hisabati, akisimama penye duara, yaani shimo la uchimbaji, siku ya kugawana mifuko ya mawe, atalitoa fungu la mwenye leseni, na la mwenye shamba, na la mwenye duara, kisha atakigawa kilichosalia kwa wachimbaji kulingana na zamu walizoshuka, na mfuko mmoja ukipungua atajua umepungua kwa nani. Sisi waandishi wa michezo tunajua kwa nini. Mtu hujifunza kanuni, hata ziwe ngumu namna gani, iwapo akikosea huona papo hapo kilichotokea na akaachiwa ajaribu tena. Ndiyo maana mtoto anayesinzia saa tatu asubuhi darasani hukesha usiku akiutafuta mlango wa hatua ya saba. Shule, kwa hekima yake, humwonyesha kosa lake baada ya miezi, katika umbo la herufi moja, na jaribio la pili humtoza ada. Nawasihi msiuguse utaratibu huu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba nchi yetu haina programu ya mchezo iliyopata ridhaa ya dola. Tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, tuna Bodi yake, na tuna madubwi, mashine zile za kamari, ambayo hayana haja ya kuelezwa zaidi kwa mtu aliyepata kupita senta yoyote ya machimbo. Dubwi ni kompyuta. Ukiacha simu, ndiyo kompyuta pekee ambayo watu wengi wa huku huigusa kwa mikono yao, haifunikwi kitambaa, na ufunguo wake hauko kwa mkuu wa shule. Ndani yake mwandishi wa programu, mwenzangu asiyeijua Geita, ameandika uwezekano: ni sehemu gani ya kila sarafu irudi kwa mchezaji na ni ipi ibaki tumboni, na hesabu hiyo haichoki wala haisahau. Mchimbaji aliyeacha uwezekano kidato cha nne huulipia kila jioni kwa sarafu zake, akiamini kwamba mashine inamkaribia. Nami nilipokwenda katika ofisi moja ya umma kuulizia usajili wa mchezo wangu, afisa aliyenipokea, mtu mpole wa makamo, alitaka kujua mchezaji akishinda hulipwa kiasi gani. Nikamjibu kwamba halipwi kitu, ila hupandishwa hatua inayofuata, iliyo ngumu zaidi. Alinitazama kwa huruma akasema, "Mwanangu, huo si mchezo, hayo ni mateso," akanielekeza ofisi ya pili, nayo kwa ukarimu mkubwa ikanielekeza ya kwanza.

Hofu yangu, waheshimiwa, haitoki kwenu bali kwa wenzenu wa madini. John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aliivumbua almasi ya Mwadui mwaka 1940, na mwaka 1947 pakatoka pale jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, akatunukiwa Binti Mfalme Elizabeth kwa arusi yake, likachongwa London hata likasalia karati 23.6. Shinyanga ilitoa jiwe. Mkono uliolifanya kito, na ujira wa mkono huo, vilikuwa kwingine. Jambo hilo halikuonekana kuwakera wengi kwa miaka 70, mpaka mwaka 2017 makontena 277 ya makinikia yalipozuiwa bandarini Dar es Salaam, na sheria zikatungwa kwamba madini ghafi yasisafirishwe. Kama raia nilishangilia. Kama mfanyabiashara nilipata baridi, nikihofu asije akatokea mtu wa Dodoma akaanza kuuliza ni vitu gani vingine vinavyotoka huku bila ya kuchenjuliwa, akafika hadi vichwani mwa watoto.

Maana migodi yenyewe inakwenda upande ambao si salama kwangu. Migodi mikubwa ya dunia humfundisha dereva wa lori la tani mia akiwa ameketi katika kiti kilichozungukwa na vioo, ambamo barabara, mteremko na ajali vyote ni picha. Na huko Syama, nchini Mali, mgodi wa dhahabu wa chini ya ardhi ulitayarishiwa mitambo ya kuongozwa na watu walioketi mbele ya vioo. Vifaa hivyo ni michezo, tena michezo ya namna ninayoiandika mimi, iliyovikwa kofia ngumu. Vimejengwa kwa vekta zile zile. Itakuwa maafa makubwa kwangu iwapo watoto wa Geita na Kahama, wanaoujua mwamba kwa harufu, watagundua kwamba wao ndio waliostahili kuviandika.

Yapo pia mambo ya Tanga, ambayo nashukuru kwamba hayazungumzwi sana. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 3,000 wa vijiji vya mkoa ule, ambao wengi wao hawakuwa wamepata kwenda shule na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia, bila mwalimu. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Moja ya programu mbili zilizogawana ushindi, Kitkit School, imetokana na kampuni iliyoasisiwa na Sooinn Lee, mama wa Kikorea ambaye kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kubuni michezo ya kompyuta. Mtu wa fani yangu, waheshimiwa, aliwafundisha watoto wetu kusoma lugha yetu, kwa mchezo! Habari kama hii ikisimuliwa katika vyuo vya ualimu, sijui itaishia wapi.

Kwa hiyo nilifadhaika niliposikia kwamba Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, na kwamba upo mkondo wa amali, ambamo mtoto hufanya jambo kwa mikono. Nilitulia nilipokumbuka kwamba Mwalimu Nyerere alikwisha kuyasema hayo mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, na sote tulikisoma kijitabu kile, tukakariri madhumuni yake, na kuulizwa kwenye mtihani. Nilitulia zaidi nilipoalikwa katika semina ya akili mnemba, iliyofanyika hotelini kwa siku nzima, yenye chai mara mbili na posho, na ambapo hapakuwa na kompyuta iliyowashwa ila ile ya kuonyeshea jina la semina.

Limebaki jambo moja la dharura, na ndilo hasa lililoniharakisha kuandika. Huko Nyarugusu yuko binti wa kidato cha nne ambaye, kwa simu ya kakaye, ameandika kwa Python mchezo wa isolo, bao la wazee wa Kisukuma, na simu hiyo hucheza dhidi ya mtu kwa kutazama mbele hatua mbili kabla ya kuamua kete zianzie shimo gani. Babu yake ameshindwa mara nyingi na ameapa kwamba simu inaiba kete. Juzi binti huyo alinifikia kuniuliza afanyeje ili itazame hatua tatu bila ya kuwa nzito, swali ambalo mimi nilipojiuliza nilikuwa nimekwisha kuota ndevu. Hakufundishwa na mtu. Kwa hiyo hakuna mwalimu wa kumchukulia hatua. Mtihani wake ni Novemba, na kwa unyenyekevu naomba aulizwe, kwa maksi nyingi kadiri itakavyowezekana, kuvitaja vizazi vitano vya kompyuta kwa mpangilio; na kama Wizara ina namna yoyote ya kuzungumza na kakaye, basi simu irudishwe mapema, kwa maana hatua ya tatu ataipata kabla ya likizo.

Wasalaam,
Mtengeneza michezo,
Geita.