Injini ya Ploti Nzima

Umoja, Nairobi

Mjomba,

Mama aliponipigia simu kutoka huko Ngamiani, Tanga, akasikia mngurumo, alikata shauri kwamba nimepanga chumba jirani na mashine ya kusaga. Mtulize. Ule ulikuwa mlio wa injini ya ndege, na injini yenyewe iko juu ya paa la ghorofa ninakokaa, imefungwa kwa bolti kwenye ubao. Ndege ni ya mfano, ya mbao nyepesi, naibeba kwapani. Injini ndiyo isiyo na utani. Nakuandikia wewe kwa sababu katika ukoo mzima ndiwe uliyewahi kumiliki Vespa, kwa hiyo habari za mipigo miwili na mafuta ya kuchanganya sina haja ya kukufundisha.

Niliipata sokoni Gikomba, chini ya rundo la wanasesere wasio na mikono. Imechongwa O.S., ile kampuni ya Osaka iliyoanza mwaka 1936, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 7.5 tu. Muuzaji alidhani ni pampu, akaniuzia kwa bei ya pampu. Tatizo ni kwamba haikuzunguka. Mwenye nayo wa kwanza aliiweka na mafuta ya nyonyo ndani, na nyonyo ikikaa miaka kwenye silinda hugeuka gundi. Kijana wa bodaboda akaja mbio na spana ya kuilazimisha, nikaikumbatia injini kama mtoto: ukiilazimisha unapinda konrodi. Aliyeiokoa ni dada wa saluni ya chini. Alileta draya yake ya nywele, tukaipuliza joto mpaka nyonyo ikalainika, propela ikageuka yenyewe kwa kidole. Tangu saa hiyo injini ikawa ya ploti nzima. Huku hakuna mtu mwenye kitu chake.

Sasa mafuta. Hii hainywi petroli. Inakunywa methanoli, sehemu 80 kwa 100, na 20 zilizobaki ni nyonyo. Wazungu huongeza naitromithani ili ichangamke. Sisi tumeiacha na ukali wake wa kuzaliwa. Wala haina sumaku ya kuipa cheche. Plagi ina kijiwaya cha platini: unakipa betri ya volti 1.5 kiwe chekundu, injini ikishashika unaondoa betri, na methanoli yenyewe hukiweka moto kila inapokigusa. Mmarekani Ray Arden ndiye aliyeiingiza sokoni plagi hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1940.

Lakini kununua methanoli ukiwa mkazi wa Eastlands si sawa na kununua mafuta ya taa. Duka la kemikali kule Industrial Area waliniuliza jina, kitambulisho, kazi, na hiyo ndege iko wapi. Sikuwalaumu. Novemba 2000 pombe ya kumi kumi iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100 Mukuru na mitaa ya karibu, na wengine wakabaki vipofu. Kwenye ploti yetu wapo waliozika. Kwa hiyo galoni langu liko ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, nimelichorea fuvu la kichwa, na keateka wa ploti akaongeza kwa mwandiko wake: HII NI SUMU, HATA WEWE. Moto wa methanoli mchana hauonekani, basi ndoo ya maji haiondoki pembeni.

Tuliiwasha Jumamosi, siku ambayo paa ni la kuanikia nguo. Propela ya inchi 11 inazunguka mara 12,000 hivi kwa dakika. Huioni, unaona ukungu tu, na kidole kikiingia humo hakitoki kilivyoingia, ndiyo maana naianzisha kwa fimbo niliyoivika mpira. Nyonyo haiungui yote. Inayobaki hutemwa kwenye ekzosi, na upepo ukaipeleka moja kwa moja kwenye shuka za mama wa ghorofa ya tatu. Akapanda na beseni.

“Kijana wa Tanga, hii mafuta inatoka na nini?”

“Sabuni tu, mama. Samahani sana.”

“Basi sabuni utanunua wewe.”

Vijana wa bodaboda nao wakageuka wahandisi. “Kaza! Kaza!” Maana ukikaza sindano ya kabureta mafuta hupungua, mlio hupanda, kila mtu hufurahi, kisha injini hupata joto ikazima ghafla. Nawaeleza kwamba oili imo ndani ya mafuta hayo hayo, ukiinyima kimoja umeinyima vyote. Wapi! Anayeendesha Boxer ya mipigo minne humwambii kitu.

Akapanda mzee wa chumba cha chini, polepole, ngazi moja na pumzi moja. Huyu alikuwa akiendesha msumeno wa moto kwenye misitu ya Nyandarua, nao, kama ujuavyo, ni mipigo miwili. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, Februari 2018, akaja kukaa kwa mwanawe. Ilipoondoa marufuku mwaka 2023, magoti yakawa yamekataa. Hakuitazama injini. Aligeuza ndoo, akakalia, akafumba macho.

“Fungua.” Nikafungua, ikaanza kuguguma, mzunguko mmoja inawaka, mmoja inapita. “Sasa funga kidogo. Nimesema kidogo! Hapo. Rudisha nywele moja.”

Akaniagiza niubane mpira wa mafuta kwa vidole, mara moja na kuachia. Mlio ukapanda kidogo kwanza. “Iko na akiba,” akasema. Ungeshuka papo hapo, ingekuwa na njaa. Kisha tukauinua ubao, pua ikaangalia mbinguni, kwa sababu ndege ikipanda tangi huwa chini ya kabureta na mafuta hupanda kwa taabu. Ikaendelea kuimba. Vijana wa bodaboda kimya. Nilifurahi kuliko ilivyopasa.

Itaruka lini? Hapo ndipo penye kazi. Upande mmoja tuna kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh, ambayo ndiyo iliyokuwa kiwanja cha abiria cha Nairobi mpaka kiwanja cha Embakasi kilipofunguliwa 1958. Upande mwingine ni Embakasi yenyewe. Na wanajeshi wa anga ndio waliojaribu kupindua serikali tarehe 1 Agosti 1982, kwa hiyo watu wazima wa mitaa hii hawapendi mlio wa angani usio na maelezo. Pia kuna kanuni za 2020 za vyombo visivyo na rubani. Keateka anasema niombe kibali. Vijana wanasema turushe usiku. Mzee anasema twende Nyandarua, anajua uwazi mzuri, aliukata mwenyewe.

Haja ya barua ni hii. Nyonyo ya huku huuzwa kwa vichupa, nyingine imetiwa manukato. Nitumie lita mbili za nyonyo halisi kwa basi la Mombasa. Wakikuuliza mpakani Horohoro ni ya nini, sema ni ya nywele. Si uongo: dada wa saluni amekwishajitengea lita moja, kodi ya draya, na mama wa ghorofa ya tatu ameniuliza, sauti chini, kama kweli inaotesha za mbele.

Mpwa wako