Sifa za Bwana Eee

Hajawahi kufanyiwa sherehe. Kwenye madarasa ya tuition ya Kiingereza, mwalimu akimsikia hugonga meza kwa kalamu. Wanafunzi humwonea haya kama mjomba mlevi aliyetokea harusini. Ni Bwana Eee, ndugu yao Nanii na Yaani: ile sauti inayomtoka mtu mdomo ukiwa tayari wazi na neno likiwa bado njiani. Kila anayejiandaa kwa mahojiano ya mtihani wa Kiingereza huambiwa kwanza kabisa amfukuze. Wakati umefika mzee huyu naye atendewe haki.

Nasaba yake si ya jana. Mwaka 1913 Cambridge ilipotoa mtihani wake wa kwanza wa umahiri wa Kiingereza kwa wageni, watahiniwa walikuwa 3 tu. Mtihani ulikula saa 12: tafsiri, insha, sarufi, fonetiki, imla, na nusu saa ya kusoma kwa sauti na kuzungumza. Wote 3 wakafeli. Ni vigumu kuamini kwamba siku hiyo Bwana Eee hakuhudhuria.

Leo makao yake makuu ni chumba cha mahojiano ya IELTS, mtihani wa Kiingereza ulioanza mwaka 1989. Mazungumzo huchukua dakika 11 hadi 14 na yote hurekodiwa. Kwanza mtahiniwa huulizwa habari za kwao, kazi yake na mambo anayoyapenda. Kisha hupewa kadi yenye mada, karatasi, penseli na dakika 1 ya kujipanga, halafu aongee peke yake mpaka dakika 2. Mwisho huja mjadala: kwa nini, ingekuwaje, zamani hali ilikuwaje.

Hizo dakika 2 zisikieni tu. Mtu aliyetakiwa kumwelezea jirani mkarimu anaweza kummaliza jirani, ukarimu wake na mbuzi wake kabla hata dakika ya kwanza haijaisha. Mtahini anatazama, kinasa sauti kinaendelea, misamiati yote iliyobandikwa ukutani nyumbani imetoroka. Anayebaki chumbani ni mmoja.

Mpinzani wake ni Jibu la Kukariri, kijana mtanashati anayeuzwa kwenye madesa ya mitaani. Huyo hasiti hata kidogo. Akiulizwa kuhusu mji wake, humwaga sentensi ndefu, viunganishi vimepangwa, pumzi haikatiki. Ila wataalamu wa kutahini humjua. Mtahini huuliza swali dogo la pembeni, na yule aliyekuwa akitiririka hugeuka bubu. Katika vigezo vya IELTS, maneno ya kukariri yametajwa kule chini kabisa kwenye ngazi za mwisho.

Bwana Eee je? Yeye ameruhusiwa mpaka ghorofa ya juu. Alama za kuzungumza hutolewa kwa vigezo 4 vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Hata anayepata 9, alama ya juu kuliko zote, anaruhusiwa kusita, mradi anasita kutafuta wazo na si kutafuta neno. Ngazi ya 7 ina huruma zaidi: mtu anaweza kukwama katikati ya sentensi akisaka neno au akijirekebisha, bora maelezo yake yasipoteze mshikamano.

Sayansi nayo imemtetea. Mwaka 2002 Herbert Clark na Jean Fox Tree waliandika kwamba wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe hutumia milio miwili kama hiyo kwa kazi maalumu: mmoja hutangaza kuchelewa kidogo, wa pili kuchelewa zaidi. Kwa maneno mengine, Bwana Eee ni karani wa mapokezi. Anamwambia mgeni asiondoke, mwenye ofisi anakuja.

Kwa waombaji wa kazi za ng'ambo mtihani wa Kiingereza si jambo la mzaha. Mwaka 2021 Waziri wa Afya wa Kenya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili wakafanye kazi Uingereza, waliofaulu walikuwa 10. Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza hutaka alama 7 ya IELTS katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza. Katika kuandika, ambako Bwana Eee hana ruhusa ya kuingia, baraza hilo lililegeza masharti mwaka 2018 na kushuka hadi 6.5. Wapenzi wake wana haki ya kujiuliza kama hiyo ni bahati tu.

Tusimsifu kupita kiasi, maana ana tamaa. Akikaribishwa kila baada ya neno la pili, hugeuza maelezo kuwa vipande, na alama huporomoka hadi 4, ngazi ya wanaoshindwa kuendelea bila vituo vya wazi na kurudiarudia. Basi anayejiandaa ajirekodi kwa simu akiongea dakika 2 juu ya mada asiyoizoea, kisha asikilize Bwana Eee ameingia wakati gani: akitafuta wazo, au akitafuta neno. Wa kwanza aachwe akae. Wa pili ndiye anayestahili kufanyiwa mazoezi kabla ya siku ya mtihani.