Jiwe la Corolla

Jumamosi, 4 Oktoba
Tumetoka Msimbati na watoto. Kule magari hupita ufukweni, mchanga ukiwa mgumu maji yamekupwa. Sisi tulifika maji yanajaa. Tumesukumwa na vijana sita. Wakati wa kurudi, breki za nyuma zimelia kama mbuzi aliyesahaulika kwenye kamba. Nyumbani Mikindani nimeegesha kwenye mteremko, nimevuta hendibreki, nimeshuka, nimeweka jiwe nyuma ya tairi kama kawaida. Jiwe lina miaka sita kazini.

Jumatatu, 6 Oktoba
Fundi amefungua dramu ya kushoto, akaigonga chini. Mchanga umemwagika wa kutosha kupandia mche wa korosho. "Mwalimu, hapa tunaosha, tunapiga msasa breki shuu, tunakaza. Elfu kumi na tano." Nimemwambia nataka diski. Gari la shemeji yangu lina diski nyuma. Hilo sikumwambia fundi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimesoma kidogo. Mwingereza Frederick Lanchester aliandikisha hataza ya breki za diski mwaka 1902, na mwaka huohuo ndio Mfaransa Louis Renault anatajwa kwa dramu. Pedi za Lanchester zilikuwa za shaba. Zilipiga kelele na kuisha upesi. Mpaka Jaguar iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1953 ikiwa na diski, ndipo wengi wakaamini. Nimemsomea mke wangu yote haya. Ameuliza kama Le Mans kuna mchanga.

Jumatano, 15 Oktoba
Mzigo umefika kwa basi kutoka Kariakoo: diski mbili, habu zake, kalipa mbili. Kalipa zote mbili ni za kulia. Fundi amezipanga kwenye gunia, amezitazama kwa muda mrefu. Ya kulia inaweza kufungwa kushoto, amesema, ila nati ya kutolea upepo itaangalia chini, na upepo siku zote hukaa juu. Utabaki humohumo, na pedali itazama mpaka sakafuni. Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500. Kalipa moja imerudi ilikotoka, imekaa kiti cha mbele karibu na dereva.

Jumatano, 22 Oktoba
Ya kushoto imekuja. Imefungwa. Tairi haliingii. Rimu zangu ni inchi 13 na kalipa inagusa kwa ndani. Nimenunua rimu nne za mtumba za inchi 14. Mbili hazifanani na mbili. Fundi amezifunga mbili kulia na mbili kushoto. Amesema hakuna binadamu anayeona pande zote mbili za gari kwa wakati mmoja.

Alhamisi, 23 Oktoba
Kutoa upepo. Mke wangu yuko kwenye pedali, fundi yuko chini na spana, mimi nimeshika chupa. "Kanyaga. Kanyaga. Shika!" Nati inalegezwa, mafuta yanatoka na mapovu kwenye mpira, nati inakazwa. "Achia." Hivyo mara kumi na tisa, kisha upande wa pili. Mafuta kidogo yamedondokea bodi juu ya tairi. Mafuta ya breki huoshwa kwa maji mengi, papo hapo. Mimi nimeyapangusa kwa kitambaa kikavu. Kufikia alasiri rangi imeumuka kama chapati.

Ijumaa, 24 Oktoba
Nimeuliza hendibreki iko wapi. Fundi amechomoa diski, akaigeuza. Kwa ndani, katikati, kuna dramu ndogo, na breki shuu zake ndogo. Hiyo ndiyo hendibreki. Kwa hiyo nimelipa laki sita na nusu kuondoa dramu mbili, nikapata dramu mbili.

Amenieleza kwa upole. Breki shuu ikigusa dramu inayozunguka huvutwa nayo, ikajikaza yenyewe. Pedi haina msaada huo, inasubiri kubanwa. Ndiyo maana katika kushika gari lililoegeshwa, wenye kiwanda wamerudi kwenye dramu. Nimetikisa kichwa kama mtu aliyelijua hilo tangu zamani. Kebo zangu za hendibreki ni fupi kwa vidole vinne. Nyingine zimeagizwa.

Jumapili, 26 Oktoba
Harusi Msangamkuu. Kwenye kivuko kijana ameniambia, "Njomba, vuta hendibreki." Nimemjibu kwamba iko njiani, inatoka Dar. Ameniangalia, amekwenda kuleta gogo.

Jumatano, 29 Oktoba
Kila asubuhi diski zina kutu ya rangi ya chungwa, kwa chumvi ya usiku mmoja tu. Inatoka kwa kukanyaga breki mara mbili tatu, lakini kwa sauti ya Lanchester. Jirani amesema hahitaji tena kutega saa.

Jumamosi, 1 Novemba
Kebo zimefungwa. Tumekwenda Msimbati, safari hii maji yamekupwa. Lazima niandike ukweli: breki zinashika. Dramu zikilowa zilihitaji mwendo kidogo kabla ya kukumbuka kazi yake. Diski inajifuta yenyewe.

Kurudi, hendibreki inalia. Fundi amechomoa diski, ameigonga chini, mchanga umemwagika kutoka kwenye dramu ndogo. "Mwalimu, tunaosha, tunapiga msasa, tunakaza. Elfu ishirini." Tano imeongezeka kwa sababu sasa kuna kalipa ya kufungua kwanza.

Nimeegesha mteremkoni. Jiwe nimelikuta palepale.